Kiatu Kisichokubali Kuachia Ardhi

Enyi wazazi wenye mabinti wanaocheza softiboli, nanyi makocha mnaowafundisha, hebu igeuzeni daluga ya mtoto na kuitazama soli yake. Wengi huamini kuwa kadiri meno ya kiatu yanavyong'ang'ania ardhi, ndivyo mchezaji anavyokimbia kasi na kusimama imara. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Mguu unahitaji kushika ardhi wakati wa kuondoka, lakini unahitaji pia kuiachia mwili unapogeuka. Kiatu kikigoma kuachia, ile nguvu ya mwili hupanda mguuni, ikapindua kifundo au kukata kano za goti.

Fikirini mchezaji anayejitupa chini ili ateleze mpaka kituoni. Akichelewa kidogo kuinua mguu wa mbele, jino moja la kiatu huzama udongoni, mguu ukabaki nyuma na mwili ukaenda zake. Mwaka 1988 huko Michigan, Marekani, daktari David Janda na wenzake walichapisha matokeo ya mechi zaidi ya 1,200 za softiboli ya burudani. Karibu nusu ya mechi hizo zilichezwa kwenye vituo vilivyokazwa ardhini kama ilivyo desturi, na nyingine kwenye vituo vinavyochomoka vikigongwa kwa nguvu. Kwenye vituo vilivyokazwa yalitokea majeraha 45 ya kuteleza. Kwenye vile vinavyochomoka yalitokea 2 tu. Mchezo ulikuwa uleule, ila kilichogongwa kilikubali kuachia. Daluga iliyozama kwenye udongo mkavu haina tofauti na kituo kilichokazwa, na hii binti ameivaa mguuni.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya vituo, si ya viatu. Basi twende kwenye viatu. Mapema miaka ya 1970, watafiti James Torg na Theodore Quedenfeld walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa Philadelphia waliocheza futiboli ya Kimarekani. Walipoacha daluga za meno machache marefu na kuvaa za meno mengi mafupi, majeraha ya magoti yalipungua. Mwaka 1996 utafiti mwingine, wa wanafunzi zaidi ya 3,000 wa mchezo huohuo, ulionyesha kuwa viatu vyenye meno marefu pembezoni mwa soli, ambavyo huzunguka kwa shida vikishakanyaga, viliandamana na kukatika kwa kano kuu ya ndani ya goti mara tatu hivi zaidi ya viatu vingine. Ni kweli, wale walikuwa wavulana, na mchezo wao ni wa kugongana. Lakini hilo halitupi faraja, kwa maana katika soka na mpira wa kikapu wasichana ndio hukatika kano hiyo kwa wingi zaidi kuliko wavulana, mara mbili na hata kupita.

Pingamizi zito ni kwamba bila meno makali mtoto ataanguka. Kwenye nyasi zenye umande hofu hiyo ni ya haki, na hapo meno ya plastiki au mpira yanatosha. Kwenye udongo mgumu au nyasi bandia, kiatu chenye vinundu vingi vifupi vya mpira hushika vya kutosha, maana kutoka kituo hadi kituo ni futi 60 tu, yaani kama meta 18. Kuhusu daluga za meno ya chuma, kusema kwamba mabingwa huzivaa si hoja kwa mtoto wa miaka 10. Little League yenyewe, shirika la Marekani la besiboli na softiboli ya watoto, imezikataza kwa madaraja ya watoto wadogo.

Tena msimnunulie kiatu kikubwa eti atakikulia. Mguu unaocheza ndani ya kiatu haujui unakanyaga wapi. Na kisigino kikiuma, msidharau: kati ya miaka 8 na 14 hivi, sehemu ya mfupa wa kisigino inayokua bado haijakomaa, na daluga ya soli nyembamba huichokoza kila hatua. Binti anayetembea kwa ncha za vidole baada ya mechi, akikwepa kukanyagia kisigino, avuliwe daluga hizo siku hiyohiyo, apumzishwe, kisha arudi mazoezini na raba zenye soli nene, na kocha asimwite mvivu.