Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi

Methali hii ina uzito mpya mjini Kitengela na kwingineko Kajiado, ambako maji ya visima hupandishwa kwa pampu hadi kwenye matangi. Kisanduku cha diski kinachohifadhi picha na nyaraka katika mtandao wa nyumbani chaweza pia kuendesha programu huria ya Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka wa 2013. Kwa vihisi na swichi zifaazo, pampu hujizima tangi linapojaa.

Hata hivyo, watengenezaji huvitelekeza vifaa vyao. Western Digital, kwa mfano, ilikoma kuuhudumia mfumo wa My Cloud OS 3 mnamo Aprili 2022. Je, kila kisanduku kilichotelekezwa kitupwe? La hasha! Iwapo kina uwezo wa kuipokea programu hiyo, na kitumike. Ila kisifikiwe kupitia intaneti, kwani hakipati tena marekebisho ya usalama.

Tatizo ni kwamba maelezo ya kazi hii aghalabu ni ya Kiingereza. Kiswahili kiliwahi kuthubutu: mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuufufua moyo huo. Waketi na mafundi wa Kitengela, wasikilize maneno wanayoyatumia, ndipo waandike mwongozo. Istilahi isiyomfikia fundi ni koleo zima lisilo na mhunzi.