Chai ya mlimani na saa ya kuinywa

Mama mmoja anatuuliza hivi: amepewa zawadi ya majani ya chai yaliyovingirishwa kama punje, yenye harufu ya kukaangwa. Ameyachemsha pamoja na sukari katika sufuria, yakawa machungu. Je, yameharibika?

Hapana, mama. Hiyo ni chai ya ulongi. Inatoka kwenye mti uleule wa chai tunayoizoea, ile ya Kivu au ya Kericho kule Kenya. Tofauti ni kazi ya mikono. Chai nyeusi huachwa ibadilike rangi kabisa. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili isibadilike. Ulongi husimamishwa katikati. Ile ya milima ya Taiwan, kama Alishan, hulimwa juu ya metre 1,000. Kule kuna baridi na ukungu, jani linakua polepole, na utamu wake unazidi uchungu. Kisha wengine huikaanga kwa moto mdogo, ndiyo maana inanukia kama karanga au mukate uliookwa.

Kuipika ni rahisi. Usiichemshe kamwe juu ya mbabula. Chemsha maji peke yake, sufuria ikiwa na kifuniko ili moshi wa makala usiingie. Lubumbashi yetu iko juu, karibu metre 1,200, kwa hiyo maji yanachemka kwa digrii 96 hivi, si 100. Basi usiyaache yapoe: yakichemka tu, mimina.

Kijiko kidogo kimoja kilichojaa kinatosha kikombe kimoja. Mimina maji, funika, hesabu dakika tatu, kisha mwaga chai yote katika kikombe kingine, majani yabaki. Onja kwanza bila sukari. Shika chai kidogo mdomoni kabla ya kumeza: kwanza utasikia ule moto wa kukaanga, halafu utamu unaorudi kooni. Usitupe majani! Yanafunguka polepole. Yamwagie maji ya moto mara ya pili, ya tatu, hata ya nne, kila mara ukiongeza dakika moja. Kwa hiyo zawadi ndogo inatosha kikundi kizima. Yatunze katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na sabuni, vitunguu na samaki kavu, zaidi sana wakati wa mvua.

Sasa neno linalopita utamu. Chai yoyote, hata hii nzuri, ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagi, sombe na lengalenga. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Mama mwenye mimba, msichana aliyeanza kupata hedhi na mtoto mdogo ndio wanaopungukiwa upesi. Mtoto anayekunywa chai na mukate asubuhi, na chai tena pamoja na bukari, tumbo linajaa lakini damu haipati msaada.

Basi tufanye hivi: chai ikae mbali na chakula, saa nzima kabla au saa nzima baada. Mezani tuweke maji, na chungwa au limao likipatikana, kwa sababu hilo linasaidia chuma kuingia mwilini. Watoto wadogo tuwape uji, si chai. Mama mwenye mimba apunguze vikombe. Na akijisikia mchovu sana, anaona kizunguzungu, au viganja vimekuwa vyeupe, asitafute nguvu katika chai. Aende kituo cha afya wampime damu.

Hivyo ulongi wako, mama, uite majirani saa kumi ya mchana, chakula kikiwa kimeshashuka. Hapo ndipo inapopendeza.

Mubaki salama.