Vijana na Habari za Mbinguni

Wamo vijana, huko Kijenge na kwingineko, wanaofuatia kwa shauku habari za nyota na vyombo vya anga. Baadhi ya wazazi husema kuwa hayo ni mambo ya wageni, hayatuhusu. Sisi hatuafikiani nao.

Tarehe 12 Desemba, 1970, chombo cha Marekani kilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Huko ni karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia hukisaidia chombo kupaa. Kwa kuwa siku hiyo Wakenya walisherehekea uhuru wao, kiliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miali ya eksirei itokayo mbinguni. Miali hiyo huzuiwa na hewa, hata mtu akipanda kilele cha Meru haipati. Uhuru kiliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kiliwasaidia wataalamu kutambua kuwa katika Cygnus X-1 mna shimo jeusi, ambamo hata nuru haitoki.

Qurani Tukufu (3:190) yatufunza kwamba katika kuumbwa mbingu na ardhi mna ishara kwa wenye akili. Basi, enyi wazazi, msiwakataze watoto wenu. Waulizeni wamesoma nini. Nanyi vijana, msitosheke na kustaajabia picha. Shikeni hisabati na fizikia, maana bila ya elimu hizo mtabaki watazamaji wa kazi za wengine.