Utakatifu Si Mali ya Kanzu na Shela

Miongoni mwa Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki umejengeka mgawanyo wa kazi usiopatikana katika katekisimu yoyote: mapadre na masista ndio wa kutafuta utakatifu, walei wajitahidi tu wasiharibikiwe sana. Mgawanyo huo unasikika kila siku. Karani anayekataa kughushi risiti huambiwa asijifanye mtakatifu. Aliyekosa hujitetea kwamba yeye ni binadamu, si malaika. Padre hufuatwa baada ya Misa na kuombwa sala kwa maelezo kwamba yeye na wenzake ndio walio karibu na Mungu. Jumuiya ndogo ndogo inapokutana, wanaume wengi hubaki nyumbani wakiamini kwamba rozari na Neno la Mungu ni mambo ya akina mama na masista.

Imani hii huvaa sura ya unyenyekevu, ndiyo maana haikemewi. Kwa hakika ni kosa la mafundisho, tena ni kosa lenye faida kwa anayelishikilia, kwa kuwa humwondolea mlei wajibu mkubwa kuliko yote aliyopewa siku ya ubatizo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana utata. Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati ya Lumen Gentium, na sura yake ya tano yote inahusu wito wa utakatifu kwa watu wote. Humo inaelezwa kwamba waamini wa kila hali na kila daraja wanaitwa kwenye utimilifu wa maisha ya Kikristo na ukamilifu wa mapendo. Mtaguso haukubuni jambo jipya. Mtume Paulo aliwaita watakatifu Wakristo wa Korintho, watu waliokuwa na makundi, ugomvi na kesi za kushitakiana mahakamani. Aliwaita hivyo kwa sababu ya kile walichopewa na walichotakiwa kuwa.

Mzizi wa wito huo ni ubatizo. Katika ubatizo mtu hupokea neema ya utakaso pamoja na fadhila za kimungu za imani, matumaini na mapendo, na hakuna ubatizo wa daraja la kwanza kwa watakaokuwa mapadre na wa daraja la pili kwa watakaouza nyanya. Sakramenti ya Daraja Takatifu humpa padre mamlaka ya kuadhimisha Ekaristi na kuondolea dhambi kwa ajili ya watu. Haimpi utakatifu binafsi bila yeye kuutafuta. Padre aliyezembea sala yake anaweza kuadhimisha Misa halali kabisa huku mama aliyeketi benchi la mwisho akimzidi mbali kwa mapendo.

Watetezi wa mgawanyo ule wana hoja moja yenye uzito. Kanisa lenyewe, wanasema, linaheshimu kwa namna ya pekee maisha ya nadhiri za useja, ufukara na utii. Ni kweli. Lakini heshima hiyo ni ya hali ya maisha, wala si hati ya ukamilifu kwa kila aliyeingia humo. Thomaso wa Akwino alilitenganisha jambo hili tangu karne ya 13. Alifundisha kwamba ukamilifu wa Mkristo umo hasa katika mapendo kwa Mungu na kwa jirani, na kwamba mashauri ya Injili ni vyombo vya kumsaidia mtu aufikie. Akaongeza kwamba wamo katika hali ya ukamilifu watu wasio wakamilifu, na wako nje ya hali hiyo watu waliokamilika. Anayechanganya chombo na lengo hajamsoma mwalimu huyo.

Kwa nini basi imani hii imeshika mizizi? Sababu ya kwanza ni kalenda ya watakatifu, iliyojaa maaskofu, watawa na waanzilishi wa mashirika. Mwamini anaitazama na kuhitimisha kwamba mbinguni pamejaa makasisi. Anachosahau ni namna kesi ya mtakatifu inavyoendeshwa. Huhitajiwa ushahidi wa watu waliomfahamu marehemu, uchunguzi wa maandishi yake, msimamizi wa kesi, fedha, na subira ambayo mara nyingi hupita umri wa mtu mmoja. Shirika la kitawa lina hifadhi ya nyaraka na wanachama wapya wa kuendeleza kazi kila kizazi. Familia ya mkulima haina. Kalenda inaonyesha pia nani alipata wa kumfuatilia, na Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, huwakumbuka pia wale wengi wasioandikwa popote.

Sababu ya pili ni historia ya misheni. Katika sehemu nyingi padre alikuwa ndiye mwenye shule, zahanati na neno la mwisho. Katekista alikuwa msaidizi wake, na mlei akabaki msikilizaji. Watu wakazoea kwamba mambo ya Mungu yana wenyewe.

Mazoea hayo yanagongana na ushahidi wa eneo hili hili. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, na mwaka 1882 wakaondoka kwenda kusini mwa Ziwa Viktoria, upande wa Bukumbi. Waliporudi mwaka 1885 hawakukuta magofu. Walikuta jumuiya iliyokua ikiongozwa na walei, baadhi yao wakiwa bado hawajabatizwa. Kutoka jumuiya hiyo walitokea wafiadini 22 Wakatoliki waliouawa kati ya 1885 na 1887, na hakuna padre hata mmoja kati yao. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Ndiye aliyembatiza kijana Kizito muda mfupi kabla ya kupelekwa Namugongo, ambako waliuawa kwa moto tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza wafiadini wote 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, mwezi mmoja tu na siku chache kabla ya Lumen Gentium. Kanisa liliweka mfano madhabahuni kwanza, kisha likatoa hati.

Orodha haikuishia Namugongo, wala haiwahusu tu waliokufa katika dhuluma za wafalme. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei wa Goma, mashariki mwa Kongo, mwanajumuiya wa Sant'Egidio aliyewahudumia watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa zinazoingia mpakani. Shehena ya chakula kilichoharibika ilipoletwa, alipewa fedha ili aipitishe. Kazi yake ilikuwa kukikagua chakula, na wa kukila wangekuwa watu wa Goma. Alikataa. Akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma. Hakuwa na kanzu wala nadhiri. Alikuwa na mhuri wa ofisi, na utakatifu wake ulipimwa kwa namna alivyoutumia.

Benedict Daswa wa Limpopo, Afrika Kusini, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na baba wa familia. Mwaka 1990 kijiji kilipochangisha fedha za kumlipa mganga amtaje mchawi aliyesababisha radi, alikataa kuchanga, na kwa sababu hiyo akauawa. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2015. Mwaka huo huo wa 2015 Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu mume na mke kwa pamoja: Louis Martin, fundi saa, na Zélie, mtengenezaji wa lesi, wa mji wa Alençon nchini Ufaransa. Kwa upande wa Tanzania, Jimbo la Musoma lilifungua mwaka 2005 mchakato wa Julius Nyerere, mwanasiasa, mume na baba, ambaye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Ukaguzi wa mpakani, ualimu, ufundi saa na siasa: hizo ndizo njia zinazodaiwa kuwa haziwezi kumfikisha mtu popote.

Imani hii ina tawi la pili, nalo linawanasa hata wenye bidii. Hao hukubali kwamba mlei anaweza kuwa mtakatifu, ila kwa mambo makubwa: mikesha mfululizo, maono, mfungo wa kutisha, karama za kuponya. Matokeo yake ni mtu anayehudhuria kila novena ya parokia huku watoto wake wakienda shule bila kula, au anayesali rozari tatu kwa siku na kumnyima mfanyakazi wa ndani mshahara wake.

Dhidi ya dhana hiyo limesimama jina la mtawa, Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu katika monasteri ya Lisieux. Yeye mwenyewe alieleza jinsi, wakati wa kufua, mwenzake alivyokuwa akimrushia usoni maji machafu kila alipozipiga leso. Mkono ulimwasha ajipanguse ili mwenzake aone kosa lake. Akauzuia, akaendelea kufua kwa uso wa utulivu. Hiyo ndiyo njia yake ndogo. Kanisa lilimfanya msimamizi wa misheni mwaka 1927 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, ingawa hakuwahi kufanya misheni ng'ambo wala kusoma chuo kikuu. Beseni la kufulia lipo katika kila nyumba, na jirani wa kurusha maji hakosekani.

Kukua katika utakatifu kuna hatua zinazofahamika. Ya kwanza ni wajibu wa hali ya maisha. Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, katika kitabu chake cha mwaka 1609 kwa ajili ya watu wanaoishi katikati ya ulimwengu, alionya kwamba ibada inayopingana na wajibu wa mtu ni ibada ya uongo: fundi hapaswi kushinda kanisani kama mtawa, wala mwenye familia kukataa kutafuta riziki.

Ya pili ni sala fupi isiyokosekana, asubuhi na jioni, pamoja na kituo cha Malaika wa Bwana mchana. Dakika kumi za kila siku hujenga kuliko mkesha mmoja kwa mwaka.

Ya tatu, inayopuuzwa mno, ni kuchunguza dhamiri kila usiku kwa mpangilio wa Inyasi wa Loyola: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha, kukusudia ya kesho. Mnunuzi wa viazi anayefanya hivyo haishii kwenye kauli ya jumla kwamba yeye ni mkosefu. Atakutana na gunia la lumbesa alilomjazisha mkulima asubuhi akalilipia bei ya gunia la kawaida. Atakumbuka uso wa mkulima na kiasi cha fedha. Azimio lake la kesho litahusu gunia, si hisia, na likihitaji malipo ya fidia, atajua ni kwa nani.

Ya nne ni sakramenti. Kitubio cha mara kwa mara humzuia mtu asizoee dhambi ndogo, na Ekaristi humpa nguvu ambayo azimio peke yake halina. Ya tano ni mfungo na matendo ya huruma, yasingoje Kwaresima: kumtembelea mgonjwa, kusamehe deni la asiye na uwezo, kumvumilia msumbufu.

Wapo watakaojitetea kwamba muda hawana. Lakini nyingi ya hatua hizi haziongezi saa kwenye siku. Zinabadilisha namna ya kuzitumia saa zilizopo. Wengine hutoka upande wa pili na kudai kwamba Mungu anaangalia moyo, hivyo kazi njema zatosha bila sala. Katika wosia wa kitume wa Gaudete et Exsultate wa mwaka 2018, Papa Fransisko alikemea pia Upelagi, ile dhana ya kujitegemea kana kwamba utakatifu ni matunda ya juhudi za mtu. Neema hutangulia, juhudi hufuata.

Gharama ya mgawanyo ule haiishii rohoni mwa mtu mmoja. Padre hubebeshwa utakatifu wa parokia nzima, na akianguka, waamini huona imani yote imeanguka naye. Ofisi, masoko na vituo vya ukaguzi hujaa wabatizwa wasiodhani kwamba ubatizo unahusika na mizani au mhuri. Maparokia nayo yana sehemu yao ya lawama, kwa kuwa katika mengi mafundisho rasmi hukoma baada ya Kipaimara na mlei hubaki na michango tu. Pakihitajika marekebisho, yaanzie hapo: watu wazima wafundishwe sala ya moyo na uchunguzi wa dhamiri kwa bidii ile ile inayotumika kukusanya zaka, na homilia zitaje dhambi za kazini kwa majina yake.