Sauti Iliyofungiwa Haijaokolewa

Wapo wanaoamini kwamba santuri ya zamani ikishanakiliwa kwenye kompyuta, kazi imekwisha. Hupongezana, hufunga kabati, huenda zao. Mimi nasema watu hao wamehamisha mali kutoka ghala moja hadi jingine, na mwenye mali angali amesimama nje ya mlango. Sauti haijaokolewa mpaka masikio ya watu wake yaisikie.

Tuanze na jina. Mwanafunzi akisikia maneno “muziki wa klasiki”, mawazo yake hukimbilia Vienna kwa Mozart na Beethoven. Kwa nini? Muziki wa klasiki ni ule uliokuzwa kwa kanuni, ukarithishwa na mabingwa kwa wanagenzi, ukadumu vizazi kwa vizazi. Kwa kipimo hicho, muziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda ni klasiki pasipo kuomba radhi. Itazame entenga: ngoma 15 na wapigaji sita. Ngoma 12 kati ya hizo zimerekebishwa sauti, hata zinaimba wimbo kamili kama marimba. Pwani nayo ina taarab. Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Hatukukosa klasiki. Tulikosa kuiita kwa jina lake.

Sauti za ikulu hazikukosa wa kuzirekodi. Klaus Wachsmann, msomi mzaliwa wa Berlin na msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda tangu 1948 hadi 1957, alizunguka nchi akirekodi nyimbo za makabila mengi. Alisaidiana na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu. Hugh Tracey naye alifika mwaka 1950 na 1952, akawarekodi wanamuziki wa Kabaka, miongoni mwao Temutewo Mukasa, mpigaji wa ennanga, yaani kinubi cha Kiganda.

Kisha likaja tarehe 24 Mei 1966. Jeshi la serikali liliivamia ikulu ya Lubiri. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, wanamuziki wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Zilirejeshwa mwaka 1993, lakini mwalimu aliyekufa harejeshwi kwa sheria. Kwa sehemu ya muziki huo, rekodi zile ndizo shahidi aliyebaki. Nazo zilikuwa wapi? Za Wachsmann zilihifadhiwa London. Za Tracey, Afrika Kusini. Nakala za kidijitali za kazi ya Wachsmann zimekwisha kurudi Makerere, kwenye hifadhi inayobeba jina lake, mwendo mfupi tu kutoka soko letu la Wandegeya. Ni jambo la kushukuru. Lakini nauliza: ni wanafunzi wangapi wa sekondari za hapa wamewahi kuzisikia darasani?

Sidharau kazi ya kunakili. Ni kazi ya watu makini. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki, gundi ngumu inayovunjika kama kigae. Huhitaji sindano nene kuliko ile ya santuri za plastiki zilizofuata, na ukizisafisha kwa spiriti unaziyeyusha. Faili la kuhifadhi halipunguzwi ukubwa. MP3 ni ya kusikiliza tu, kwa sababu hutupa sehemu ya sauti. Santuri yenyewe haitupwi. Tena pamoja na sauti huandikwa jina la mpigaji, ala, lugha, mahali na mwaka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili lenye jina “wimbo wa kienyeji namba 7” ni maiti iliyozikwa bila kaburi kuandikwa.

Watatokea wa kunipinga. Wa kwanza atasema: hospitali hazina dawa, nawe unalilia santuri? Namjibu kwamba taifa halichaguzwi kati ya tiba na kumbukumbu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kufurahia, kudumisha na kukuza utamaduni wake. Haki hiyo haikuandikwa iwe pambo. Nitaufurahiaje utamaduni nisioruhusiwa kuusikia?

Wa pili ana hoja nzito zaidi: tukifungua milango, wafanyabiashara watanakili nyimbo kwenye flashi na kuziuza barabarani, huku wajukuu wa wapigaji wakiambulia patupu. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila dawa yake si kufuli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inawatambua wapigaji na waimbaji, si watunzi peke yao. Basi majina yaandikwe, familia zitafutwe, makubaliano yafanywe kwanza, kisha shule zipewe nakala za kufundishia. Mlango una bawabu, haujengewi ukuta.

Na tusidanganyike kwamba wafu hawafufuki. James Isabirye, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliisimamia kazi ya kuifufua entenga, vijana wakafundishwa na mzee aliyekuwa bado anaikumbuka. Rekodi bila mwalimu ni nusu ya kazi. Mwalimu bila rekodi ataondoka siku moja na kila kitu.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, waulizeni babu na bibi kama kuna santuri juu ya kabati. Msizioshe, msizichezeshe kwa sindano chakavu. Nakilini maandishi yote ya lebo, muulizeni mwenyewe anachokumbuka, kisha mpelekeeni mhifadhi kwa idhini yake. Na shule zenu zidai nakala, kwa barua, kwa adabu, na kwa kurudiarudia.

Swali la mjadala wa wiki hii: sauti ya mpigaji wa ikulu ni mali ya nani, ya aliyeirekodi, ya anayeihifadhi, au ya aliyezaliwa na watu walioipiga? Jibuni kwa Kiswahili sanifu, na kila jibu liwe na hoja.