Haki ya Raia Kupinga Hataza Kabla Haijatolewa

Wengi wetu hudhani kwamba mambo ya hataza ni ya mawakili na wenye viwanda, wala hayamhusu mwanafunzi, mkulima au mgonjwa. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Naona kwamba kila mwenye kujua jambo aweza, na tena yampasa, kusema kabla hati haijapigwa muhuri.

Kwanza tuelewane maana. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichokivumbua pasipo idhini yake, kwa kawaida kwa muda wa miaka 20 tangu alipopeleka ombi. Haki hiyo si mbaya. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda astahili ujira wake. Lakini kitu chenyewe lazima kiwe kipya, kiwe na ubunifu usio dhahiri kwa fundi wa kazi ile, na kiwe na matumizi. Mtu akiomba hataza kwa jambo ambalo watu walikwisha kulijua, huyo hakuvumbua kitu. Ameweka uzio katika njia ya wote.

Mkaguzi wa maombi ni binadamu. Husoma vitabu na hati za zamani, lakini hawezi kujua yote yanayofanywa mashambani na katika karakana za dunia nzima. Ndiyo sababu sheria za nchi nyingi zimeacha mlango wazi. Kwa kawaida ombi hutangazwa baada ya miezi 18, na tangu hapo mtu yeyote aweza kulisoma. Huko Ulaya, mtu yeyote aweza kuiandikia Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, akaeleza kwa nini ombi halifai. Halipi ada, wala halazimiki kutaja jina lake. Huko India, kifungu cha 25 cha Sheria ya Hataza chamruhusu mtu yeyote kupinga kwa maandishi kabla hati haijatolewa, na akitaka kusikilizwa ataitwa. Huko Marekani, tangu Septemba 2012, raia waweza kupeleka maandishi yaliyochapishwa, pamoja na maelezo mafupi ya jinsi kila andiko linavyohusu ombi, mradi wasipitishe muda uliowekwa.

Faida ya kuwahi twaiona katika habari ya mwarobaini, mti ambao sote twaujua, na ambao jina lake lenyewe lasema kuwa watu huamini watibu magonjwa arobaini. Mwaka 1994 Ofisi ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza juu ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwaka 1995 Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji, na shirikisho la kilimo hai liitwalo IFOAM, walipinga. Mwenye kiwanda mmoja kutoka India alitoa ushahidi kwamba kazi ile ilikuwa imefanyika kwao zamani. Hataza ikafutwa mwaka 2000, lakini rufani ikaendelea mpaka Machi 2005. Miaka kumi! Laiti ushahidi huo ungalifika mezani kwa mkaguzi kabla ya 1994, huenda safari hiyo ndefu isingalihitajiwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Sasa tutazame walioziba ufa. Kampuni ya Novartis iliomba hataza nchini India mwaka 1998 kwa umbo jipya la dawa ya saratani ya damu iitwayo Glivec. Chama cha kuwasaidia wagonjwa wa saratani, pamoja na watengenezaji wa dawa wa India, wakapinga ombi lingali mikononi mwa ofisi. Walionyesha kwamba dawa yenyewe ilikwisha kuelezwa katika hataza ya zamani ya kampuni ile ile. Januari 2006 ombi likakataliwa, na tarehe 1 Aprili 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya India ikathibitisha hivyo. Dawa ya Novartis iliripotiwa kugharimu karibu rupia 120,000 kwa mwezi, na ya viwanda vya India kama rupia 8,000 hadi 10,000. Na sisi tusidhani ni mambo ya mbali, kwani dawa nyingi za hospitali zetu hutoka India.

Je, mpingaji afanyeje? Asome kwanza madai ya mwombaji, yaani zile aya zenye namba zinazotaja mipaka ya haki anayoitaka. Kisha atafute ushahidi wenye tarehe iliyotangulia siku ya ombi: kitabu, gazeti, hata ripoti ya shamba. Aonyeshe ukurasa fulani wajibu dai fulani. Hasira na matusi havisaidii kitu. Tarehe moja iliyo sahihi yashinda kurasa kumi za malalamiko.

Katika mdahalo wetu wa muhula huu wenzangu walisema kwamba ruhusa hii itawapa wenye kijicho nafasi ya kuwachelewesha wavumbuzi wa kweli. Hoja hiyo ina uzito, maana wapo wapingao kwa hila ya biashara tu. Lakini dawa yake ni mkaguzi kutupilia mbali pingamizi lisilo na ushahidi, si kuufunga mlango. Mvumbuzi wa kweli haogopi kuulizwa.

Lipo jambo moja linalotuhusu sana sisi tunaosoma. Mwaka 1997 hataza ya Marekani juu ya kuponya vidonda kwa manjano ilifutwa kwa sababu Wahindi walileta maandishi, mojawapo makala ya mwaka 1953. Bibi zetu wajua mengi, lakini yamo vichwani mwao. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiwa likizoni tuwaulize, na kwa idhini yao tuandike, tuweke na tarehe. Najua kuchapisha kwafungua maarifa kwa kila mtu. Hata hivyo, ni afadhali yawe ya wote kuliko kuwa ya mmoja ambaye hakuyavumbua. Kalamu tunazo, na kuandika tumefundishwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV