Mkurugenzi Aijue Mashine Anayoinunua

Siku hizi ni nadra kupata shirika au kampuni isiyotangaza kwamba imeingia katika zama za kidijitali. Tangazo hilo ni jema. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza: je, wakuu wanaotia saini mikataba ya mitambo hiyo wanaifahamu?

Historia ya nchi yetu inayo funzo. Mwaka 1965 kompyuta ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Jitihada za kuhamishia humo hesabu za Serikali zilileta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Lawama ikaiangukia mashine, hali upungufu mkubwa ulikuwa wa watu wenye ujuzi wa kuiongoza.

Tuwatazame majirani. Kampuni ya Safaricom ya Kenya iliongozwa tangu mwaka 2000 na Bwana Michael Joseph, mhandisi wa umeme. Chini yake, Machi 2007, ilizaliwa M-Pesa, ambayo mwaka 2008 iliingia Tanzania.

Wako watakaosema, basi kila mkurugenzi awe mhandisi. La hasha! Bwana Bob Collymore, aliyeshika uongozi mwaka 2010, hakuwa mhandisi, na huduma hiyo ilizidi kustawi. Mwaka 2012 ikaongezewa M-Shwari, ya akiba na mikopo. Lakini yeye aliikuta misingi imekwisha kujengwa na mafundi wapo.

Wenzetu wa visiwani wanalielewa jambo hili. Nahodha si lazima awe fundi wa kuunda jahazi; lakini asiyejua mikondo na majira ya pepo, wala hamsikilizi anayejua, atakipandisha chombo mwambani pamoja na abiria wake.

Na abiria ni nani? Ni mkulima wa mpunga wa Lupiro, ambaye malipo yake yakikwama mtamboni huambiwa dirishani, "Mtandao hakuna, njoo kesho." Nauli ya kurudi kesho hailipwi na mkurugenzi.

Kwa hiyo, kila bodi iwe na mjumbe mmoja angalau anayeijua kazi hii, na neno lake lisikilizwe kabla ya saini, si baada ya hasara. Nao wakuu waketi darasani bila kuona haya. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kununua usichokijua kwa fedha za wananchi.